Nani Anamdai Mika?

Kikatiti, Meru
9 Mei 1954

Shemeji Anaeli,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, Mama Yoeli na watoto wote hapo Korogwe. Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Masika imetunyeshea mpaka njia ya kwenda barabarani imekuwa tope tupu, lakini migomba imenawiri na kahawa imeshika vizuri. Mama yako anakusalimu sana. Goti lake bado linamsumbua, ila mdomo haujambo, anatugombeza kila asubuhi. Ndeshi anaendelea na shule. Mdogo wake, Marta, ameanza kutembea, na kila mwanamume anayepita njiani anamwita baba. Tunamwacha tu.

Nilikuandikia wiki ileile tuliyomzika Mika, sikupata jibu. Nikajiambia msiba umekuelemea, maana alikuwa mdogo wako wa pekee.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Jumanne alipanda hapa kijana mmoja anaitwa Dismasi, karani wa yule daktari wa mjini aliyempasua Mika tumbo. Alitoka Arusha kwa basi, akapanda mlima kwa miguu, akafika amelowa. Nikampa uji. Akaniambia kwa adabu kwamba bwana wake bado anangoja malipo ya upasuaji, ya dawa na ya kitanda cha miezi miwili. Asipolipwa kabla msimu wa kahawa haujaisha, atakwenda Barazani, na Baraza litaikamata kahawa yetu ikiwa imeshafikishwa chamani, kwenye ushirika wa wakulima.

Shemeji, sisi tulikuwa tumeridhika na hospitali ya misheni. Ni wewe uliyeandika: "Mtoeni huko, mpelekeni kwa daktari wa mjini. Gharama isiwatishe, mimi nipo." Mika alinisomea maneno hayo mwenyewe. Alifurahi mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Na siku ya kuanua matanga, Elinami, mtoto wa baba yenu mdogo, alivikwa koti la Mika kwa niaba yako, wewe uliye mrithi wake. Kwa hiyo deni hili lina mwenyewe, nami nimemwambia Dismasi hivyo.

Nakuomba umwandikie daktari, au utume chochote cha kuanzia.

Ni mimi shemeji yako,
Penina, Mama Ndeshi


Korogwe
20 Juni 1954

Kwa Mama Ndeshi,

Salamu katika jina la Bwana wetu. Barua yako niliipata, ila kazi zimenibana. Bwana mkubwa wa shamba la mkonge amebadilishwa, na huyu mpya amenifanya karani mkuu, kwa hiyo siketi. Mama Yoeli hajambo. Yoeli ameshinda mtihani. Nimenunua baiskeli mpya, maana haifai karani mkuu aonekane anatembea juani pamoja na wakata mkonge. Mwambie Mama nitamtumia shali.

Kuhusu jambo uliloandika, nimelitafakari kwa makini na nimeona nikuelimishe, maana huenda hukuelewa mila zetu vizuri.

Siku ya kuanua matanga, mshili, yaani mzee mkuu wa ukoo, huuliza mbele ya watu wote, "Nani anamdai Mika?" Kila mwenye deni husimama, na anayejibu kwa niaba ya marehemu hukubali kulipa. Elinami ameniarifu kwamba walisimama watu watatu: wa jembe, wa debe la mahindi na wa mbuzi. Wote wameshalipwa. Huyo daktari hakusimama, wala hakuna aliyemsemea. Deni ambalo halikutajwa matangani, kwa ukoo limekufa. Babu zetu waliweka hivyo ili watu wasije wakazua madeni baadaye.

Wewe ulikuwepo. Ulilijua deni hilo. Kama ulinyamaza, basi ulilichukua mwenyewe. Tena wewe ni Mkristo uliyefunga ndoa kanisani, na Maandiko yanasema mume na mke ni mwili mmoja. Deni la mume ni deni la mke. Unaye ng'ombe uliyepewa na baba yako. Sikulazimishi, nakuonyesha njia tu.

Neno moja. Hukuniandikia Mika alisema nini juu yangu siku zake za mwisho. Mimi ni kaka yake na nina haki ya kujua.

Wako katika Kristo,
Anaeli, Karani Mkuu


Kikatiti
29 Juni 1954

Shemeji Anaeli,

Shikamoo. Hongera kwa cheo, na hongera kwa Yoeli. Huku baridi imeingia, mlima hatujauona wiki nzima kwa ukungu. Marta alishikwa na kikohozi, sasa ameachiwa. Mama amesikia habari ya shali na anasema asante. Ameuliza pia baiskeli inauzwa bei gani. Nikamwambia sijui.

Umesema nilikuwepo matangani nikanyamaza. Shemeji, ni mwanamke gani umewahi kumwona akisimama matangani? Nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, macho yanawaka kwa moshi, kichwa kimenyolewa, napika chakula cha hao waliokuwa wanauliza nani anamdai mume wangu. Kabla hawajaketi nilimwita Elinami nyuma ya nyumba, nikamwambia, "Usisahau daktari." Akanijibu, "Mgonjwa amekufa, daktari atadai nini? Hata mganga wetu huku akishindwa hadai." Nikamwambia wa mjini hawako hivyo. Akasema, "Mama Ndeshi, rudi jikoni." Nikarudi. Leo unaniandikia kwamba nilinyamaza! Mlinifunga mdomo ninyi wenyewe, halafu mnanishitaki kwa ububu.

Na huo mwili mmoja unaoutaja, nimeuwaza usiku kucha mpaka nimekasirika upya. Elinami ameshaanza kuichuma kahawa ya Mika. Anaipeleka chamani, na kila mtu anajua fedha inakuja kwako. Nilipomwomba kidogo ya kununulia watoto sukari na sabuni alisema kahawa ni ya ukoo, mke ni mtu wa kuja. Sasa nieleze wewe uliyesoma. Ikija kahawa mimi ni mtu wa kuja. Likija deni mimi ni mwili mmoja. Mwili gani huo wenye mgongo wa kubebea mzigo lakini hauna mkono wa kupokea?

Ng'ombe unayemtaja ndiye anayewanyonyesha wanangu baada ya mimi kukauka maziwa kwa msiba. Naye umeshamhesabu.

Umejibu kila kitu katika barua yangu isipokuwa neno moja. Uliandika, "Mimi nipo." Uko wapi?

Penina


Korogwe
15 Agosti 1954

Kwa Mama Ndeshi,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako haikuandikwa kwa lugha ambayo mke wa mdogo wangu anapaswa kuitumia kwangu. Nimeisamehe kwa sababu ya uchungu ulio nao. Mama Yoeli aliisoma na yeye amesikitika.

Nimepata barua ya huyo daktari pia. Anaandika kwa kiburi. Nimezungumza na watu wenye busara hapa na nimepata njia itakayotufaa sote. Huna mtoto wa kiume. Ndeshi na Marta wataolewa, wataondoka, na kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, kitabaki bila mtu. Wewe bado kijana. Basi nitalilipa deni lote mimi mwenyewe, kwa sharti kwamba ifikapo Krismasi utakuwa umerudi kwa baba yako pamoja na watoto, na kihamba na nyumba vitakuwa mikononi mwangu. Nitakapostaafu nitahitaji mahali. Mama atabaki hapo, nitamtafutia msichana wa kumsaidia.

Huu ni msaada. Wengine wasingekupa hata huo.

Bado hujanijibu nilichokuuliza kuhusu Mika. Alinitaja? Alisema nini?

Anaeli


Kikatiti
26 Agosti 1954

Shemeji Anaeli,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Shali halijafika.

Nimemsomea Mama barua yako, neno kwa neno, hakunikatiza. Nilipofika kwenye msichana wa kumsaidia alisema, "Hebu rudia." Nikarudia. Akaniomba nimpe fimbo yake, akatoka, akaenda kukaa peke yake kwenye kaburi la Mika mpaka jua likazama. Sijui alimwambia nini.

Mimi nitakuambia langu. Juzi tu Wameru wote tulikuwa tunalia kwa sababu Mzungu aliwafukuza watu wetu kwenye ardhi yao, akachoma nyumba zao, akasema ni kwa faida yao. Tulichangishana nauli mtu wetu avuke bahari kwenda kutusemea. Wewe ulichanga. Ulimwandikia Mika barua ndefu kuhusu dhuluma, naye akaibeba mfukoni mwa koti akiwasomea watu baada ya ibada. Akasema, "Sikilizeni kaka yangu anavyoandika." Leo kaka huyohuyo ananiambia niondoke kwangu ifikapo Krismasi, na anaita msaada. Tofauti yako na yule Mzungu ni nini? Yeye alikuwa na askari. Wewe una mihuri na karatasi.

Kila mgomba uliopo mbele ya nyumba hii niliupanda mimi nikiwa na mimba ya Ndeshi. Mika alichimba mashimo, mimi nikabeba samadi. Mashina ya kahawa ya chini yalikuwa vichaka tulipoanza. Hukuwepo. Hukuwahi kukanyaga huko, unakujua kwa hesabu tu.

Siendi popote. Na wanangu hawaendi popote.

Baada ya wiki tatu nakwenda kwa mzee Sadoki, mshili wenu. Nina jambo la kumwomba. Kama unataka kusema kitu kabla ya hapo, mwandikie Elinami haraka, maana mimi nimechoka kungoja majibu yako mwezi na nusu.

Penina


Kikatiti
10 Oktoba 1954

Shemeji Anaeli,

Shikamoo. Nimengoja barua yako, haikuja, lakini najua Elinami alipata yake kwa sababu niliiona mfukoni mwake siku ninayotaka kukuhadithia. Watoto hawajambo. Ndeshi ameng'oka jino. Mama yuko salama kabisa, tena kuliko mwaka mzima huu.

Nilimwomba mzee Sadoki aanue matanga upya. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Akasema jambo hilo halijafanyika tangu azaliwe. Nikamwambia, "Mzee, mliuliza nani anamdai Mika, lakini mliuliza huku mlimani na mdai alikuwa mjini. Mtu atajibuje swali ambalo hakulisikia? Wameru tulidhulumiwa ardhi kwa sababu hakuna aliyetuita tulipohukumiwa. Sisi nasi tutafanya hivyohivyo?" Kisha akasema, "Mwite."

Basi wiki iliyopita walikusanyika hapa uwanjani kwangu. Dismasi alikuja, amevaa tai, anairekebisha kila mara, maana hakuwahi kusimama mbele ya wazee wa Kimeru. Elinami alikuwa amekaa mbele na koti la Mika, kama ilivyo mila. Mzee Sadoki akauliza, "Nani anamdai Mika?" Dismasi akasimama akasema, "Bwana wangu, daktari." Akaeleza alimtibu nini na kwa muda gani. Hakuna aliyembishia. Hata Elinami.

Kisha mzee akauliza, "Nani anamjibia Mika?"

Watu wote wakamtazama Elinami. Akapapasa mfuko uliokuwa na barua yako. Akasema kaka yake Anaeli amemkataza kujibu. Mzee akauliza tena. Elinami akaangalia chini. Shemeji, palikuwa na aibu uwanjani pale ambayo sitaisahau. Wanaume wa ukoo mzima, wengine Mika alikwisha kuwajengea nyumba, wengine aliwabeba wagonjwa mgongoni, na kila mmoja amepata kitu cha kutazama mbali.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Nikaweka mwiko chini, nikaja mpaka katikati, nikasema, "Mimi namjibia."

Pakawa na kelele. Mzee mmoja akasema mwanamke hajibu matangani. Ndipo Mama aliposimama kwa fimbo yake. Unaijua sauti yake. Akasema, "Vizuri. Basi mwanamume aliyevaa koti la mwanangu ajibu. Asipojibu alivue, maana mwanangu hakuwa bubu."

Elinami alilivua. Nadhani alishukuru, alilivua upesi kuliko nilivyotegemea, akaliweka juu ya benchi. Mzee Sadoki akaliangalia, akawaangalia wazee wenzake, akasema, "Anayejibu deni ndiye anayevikwa koti. Hivyo ndivyo tulivyoikuta mila. Sikuambiwa mila inaangalia suruali au gauni." Akanivika yeye mwenyewe.

Nimemuuza ng'ombe mnadani. Nililia njia nzima kutoka mnadani, sina haja ya kukuficha. Jirani anatupa maziwa ya Marta. Fedha ya ng'ombe nimempelekea daktari, na iliyobaki amekubali nilipe kwa kahawa, msimu huu na ujao. Chamani wameshaandika jina langu. Elinami hachumi tena kwangu.

Penina


Korogwe
2 Novemba 1954

Kwa Penina,

Sijaamini nilichokisoma. Umeniaibisha mbele ya ukoo mzima. Barua niliyomwandikia Elinami ilikuwa ya siri baina ya ndugu. Nilimwambia asijibu kwa sababu nilikuwa bado natafuta namna, siyo kwa sababu nilikataa. Mngesubiri. Mambo makubwa hayaamuliwi kwa haraka za wanawake.

Mzee Sadoki amezeeka, hana tena uwezo wa kuhukumu. Koti hilo ni la mdogo wangu na mimi ndiye niliyemnunulia, alipopata kipaimara, kwa mshahara wangu wa kwanza. Nitakuja Krismasi kulichukua, na mengine yote tutayazungumza. Mwambie Mama aniandalie chumba cha mbele. Shali lake ninalo, nitalileta mwenyewe.

Hapa watu wamesikia. Sijui nani amewaambia. Mama Yoeli hasemi nami vizuri.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na safari hii nakuuliza kama ndugu. Ulikuwa naye mpaka pumzi ya mwisho. Mika alisema nini juu yangu? Kama alinilaani, niambie. Afadhali nijue. Silali vizuri.

Anaeli


Kikatiti
21 Novemba 1954

Shemeji Anaeli,

Shikamoo. Barua yako imefika na wote tumeisikia, Mama na mimi. Mvua za vuli zimeanza. Tumechuma kahawa ya mwisho, tumeianika, Ndeshi ndiye anayefukuza kuku. Marta sasa anatamka majina ya watu, na ameacha kuwaita wapita njia baba.

Karibu Krismasi. Hapa ni kwenu ulipozaliwa na hakuna atakayekufungia mlango. Chumba cha mbele ninalala mimi na watoto, kwa hiyo utalala cha pembeni, tunakowalaza wageni. Tutachinja kitu. Mama atafurahi kukuona, ingawa hatakuambia.

Koti hulichukui. Lilinipwaya mabegani, nimelipunguza kwa mkono wangu, na mikono nimeikunja. Siku za baridi nalivaa kwenda chamani. Mtu aliponiuliza mara ya kwanza, kwa dhihaka, kwamba siku hizi mimi ni nani, nilimwambia mimi ndiye ninayedaiwa. Hajaniuliza tena. Nimefurahi kujua kwamba ulilinunua wewe. Mika hakuwahi kulitupa chini, hata msumari lilikuwa na wake.

Sasa nikujibu swali lako, maana umeliuliza tangu mwezi wa sita nami nimelipita kila mara kwa makusudi. Nilitaka ulipe kwa neno lako mwenyewe uliloliandika kwa mkono wako. Kama ningekuandikia maneno ya Mika wakati ule, ingekuwa nakudai kwa kinywa cha marehemu, na ungetuma fedha kwa kumwogopa yeye. Sikutaka fedha ya woga. Leo deni ni langu, mbele ya wazee na mbele ya daktari. Wewe hudaiwi chochote na mtu yeyote. Kwa hiyo naweza kukuambia.

Hakukulaani. Ilikuwa asubuhi, mjini, kwenye kitanda cha daktari. Alisikia baridi, akaomba koti lake, nikamfunika. Mimi nilikuwa nalia kwa ajili yake na pia kwa ajili ya gharama, sikuweza kuvitenganisha. Akaona. Akanishika mkono akasema, "Penina, acha kuhangaika. Kaka amesema yupo. Tangu tulipokuwa wadogo hajawahi kuniambia yupo nikamkosa."

Hakusema neno lingine baada ya hilo.

Penina